Shajara ya mradi: Inteki ya hewa baridi ya kujitengenezea kwenye Impreza WRX

Gari lenyewe na ninachotafuta

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2001, ile ya taa za duara, gia za mkono, injini EJ205 ya lita 2.0 yenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ikitoka kiwandani Japani iliandikiwa nguvu farasi 250 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Injini hii haijawahi kufunguliwa. Kompyuta yake haijaguswa na ekzosi ni ya kiwandani. Ndiyo maana nimeichagua kwa kazi hii: kitu kimoja tu kitabadilika, inteki (njia ya hewa kuingia kwenye injini), kwa hiyo tofauti nitakayoiona nitajua imetoka wapi.

Subaru nyingi ninazoziona zikifunguliwa boneti hapa Nairobi zina filta ya koni iliyo uchi, imesimama kando ya injini bila kizuizi chochote. Mwenye gari anakwambia ameweka hewa baridi. Filta hiyo inavuta hewa iliyokwisha kupita kwenye redieta, ikapashwa tena na turbo. Sauti inapendeza, hilo halina ubishi, lakini sauti haisukumi gari. Nataka kujua kwa namba: je, mtu mwenye bati, mkasi na paipu ya mitumba anaweza kuipatia WRX hewa iliyo baridi kweli bila kuihatarisha injini? Na akifanikiwa, gari litakwenda kwa kasi zaidi au la?

Hesabu ya mwanzo ni rahisi. Hewa ikipoa kwa digrii 3 hivi, uzito wake kwa ujazo uleule unaongezeka kwa karibu asilimia 1. Kwenye injini isiyo na turbo unaweza kuishia hapo. Kwenye turbo mambo hayaendi moja kwa moja hivyo, na nitalirudia jambo hili nikishakuwa na vipimo mkononi.

Januari: kupima gari jinsi lilivyo

Kabla ya kukata chochote nimepima. Vifaa ni laptopu, waya wa KKL wa kuunganisha laptopu na kompyuta ya gari, unaochomekwa chini ya dashibodi, na programu ya bure ya RomRaider. Kompyuta ya Subaru inatoa habari nyingi ukiiuliza kwa lugha yake: joto la hewa inayoingia, gramu za hewa kwa sekunde kutoka MAF (sensa inayopima hewa inayoingia), masahihisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza), taimingi (wakati plagi inapotoa cheche), na kama imesikia injini ikigonga, yaani mchanganyiko ukilipuka wenyewe vibaya ndani ya silinda. Joto la nje nalipima kwa kipima joto cha dijitali ambacho ncha yake nimeifunga nyuma ya bampa ya mbele, mbali na redieta. Namba ninayoiamini ni ile tofauti: hewa inayoingia imezidi hewa ya nje kwa digrii ngapi. Ukiandika joto la kuingia peke yake, asubuhi ya Julai na mchana wa Februari zitakudanganya.

Kipimo cha pili nimekitengeneza kwa mrija mwangavu. Nimeukunja kama herufi U, nikaufunga kwa waya kwenye ubao, nikatia maji yenye rangi nyekundu ya chakula mpaka nusu. Mdomo mmoja unabaki wazi ndani ya gari. Wa pili unapita kwenye tundu la mpira nyuma ya injini mpaka kwenye boksi la filta, upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa. Injini ikivuta, maji yanapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na tofauti ya kimo inakuonyesha hewa inavyopata shida kupita. Sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1. Pwani hiyo ni asilimia 1 ya shinikizo la hewa. Nairobi, tukiwa karibu mita 1,700 juu ya bahari na shinikizo la kilopaskali 83 hivi badala ya 101, ni zaidi kidogo. Tunaoishi huku juu hatuna hewa ya kupoteza.

Rafiki yangu anakaa kiti cha abiria na ubao magotini, mimi naendesha. Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, gia ya tatu, nakanyaga mafuta mpaka chini kuanzia mizunguko 2,500 na kuachia 5,500, kabla spidi haijafika 110. Kila mkupuo tunaufanya kwenda na kurudi, kwa sababu upepo na mwinuko mdogo usiouona kwa macho vinatosha kukupa ushindi wa uongo. Tangi nusu, mafuta ya kituo kilekile, upepo wa matairi uleule.

Matokeo ya gari likiwa la kiwandani: kwenye jamu hewa inayoingia inazidi ya nje kwa digrii 19. Kwa mwendo wa kilomita 90 inazidi kwa digrii 5 tu. Maji kwenye mrija yanafikia sentimita 36 karibu na mizunguko 5,500. Masahihisho ya mafuta ya muda mrefu hayatoki nje ya asilimia 2 juu au chini. Mkupuo unachukua sekunde 6.3, na mkupuo mmoja ukiulinganisha na mwingine hutofautiana kwa 0.2 hivi. Kwa hiyo tofauti yoyote iliyo chini ya hapo siihesabu.

Digrii 5 kwenye mwendo ni habari njema kwa Subaru na mbaya kwa wauza filta za koni. Boksi la kiwandani linavuta hewa kutoka ndani ya madigadi ya mbele, upande wa kulia, kupitia sanduku la plastiki lililofichwa mbele ya gurudumu. Hewa ya huko ni baridi tayari. Sanduku lile kazi yake kubwa ni kunyamazisha mvumo. Linabana njia, na ndiyo sababu ya sehemu ya zile sentimita 36.

Mwisho wa Januari: koni, kwa ajili ya kulinganisha

Sikutaka kuisema vibaya koni bila kuipima. Nimeazima moja. Tatizo la kwanza kwenye GDA (jina la bodi ya WRX ya kizazi hiki) ni kwamba sensa ya MAF imekaa kwenye mdomo wa boksi la filta lenyewe, na kompyuta imefundishwa kipenyo cha mdomo huo. Sensa haipimi hewa yote. Inapima kasi ya hewa inayopita kwenye ncha yake ndogo, kisha kompyuta inapiga hesabu ya iliyobaki. Badilisha kipenyo, na kila gramu inayosomwa inakuwa si sahihi. Kwa hiyo nimenunua boksi la pili la mitumba kule Kirinyaga Road, nikaukata mdomo wake pamoja na kikalio cha sensa, na kuifunga koni hapo. Kipenyo ni kilekile cha kiwandani.

Hata hivyo masahihisho ya muda mrefu yamepanda mpaka asilimia 7. Maana yake sensa inaona hewa pungufu kuliko inayoingia, na kompyuta inaongeza mafuta kufidia. Kipenyo hakijabadilika, lakini hewa inafika kwenye sensa ikiwa imevurugika, kwa sababu chumba kile cha boksi kilichokuwa kikiituliza hakipo tena. Ukiwa unaendesha taratibu kompyuta inajirekebisha kwa kusikiliza sensa ya oksijeni. Ukikanyaga mpaka chini haisubiri tena sensa hiyo, inategemea hesabu ya MAF. Hapo ndipo mchanganyiko unaweza kuwa na mafuta machache kuliko ilivyokusudiwa, wakati turbo inasukuma kwa nguvu zote. Pistoni za EJ hazisamehi jambo hilo. Mikupuo yote ya koni nimeifanya michache na kwa uangalifu, macho ya rafiki yangu yakiwa kwenye safu ya kugonga kwenye laptopu.

Joto: kwenye jamu hewa imezidi ya nje kwa digrii 34. Kwa mwendo wa kilomita 90 imezidi kwa digrii 12, na ukitoka kwenye jamu inachukua dakika kadhaa kushuka. Maji kwenye mrija yameshuka mpaka sentimita 29, kwa hiyo koni inapitisha hewa vizuri zaidi, hilo ni kweli na ni haki yake. Muda ni sekunde 6.4. Faida ya njia pana imeliwa yote na joto, na mafuta yamevurugika juu yake. Koni nimemrudishia mwenyewe.

Kutokana na vipimo hivyo mpango umejichora wenyewe: boksi la kiwandani libaki, filta ya karatasi ibaki, sensa isiguswe. Kazi yangu ni kila kitu kilicho kabla ya boksi.

Februari: kukata na kufunga

Njia ya hewa inaanzia kwenye bampa, kwenye tundu la taa ya ukungu upande wa kulia, ambalo kwenye gari langu lina kifuniko cha plastiki tu. Nyuma ya kifuniko kuna nafasi ya kupitisha paipu ya milimita 76 mpaka juu mahali sanduku la mvumo lilipokuwa. Watu wengi wangekimbilia paipu ya PVC ya maji taka kwa sababu inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Mimi siitaki chini ya boneti. PVC inaanza kulegea ikikaribia digrii 80, na ukizima gari lenye turbo, joto la chini ya boneti hupanda kwa muda kabla ya kushuka. Nimepata paipu nene ya mpira ya inteki ya lori la Canter, imeshonewa nyuzi ndani, kipenyo kile ninachokitaka. Nimeisugua kwa sabuni mpaka harufu ya dizeli ikaisha.

Kinga ya joto ni bati la alumini la milimita 1.5. Kielelezo nimekikata kwa katoni kwanza, nikakijaribu mpaka boneti ikafunga bila kugusa, kisha nikapeleka Kamukunji. Fundi wa pale ni mzee ambaye amekunja masanduku ya bati maisha yake yote.

"Mzee, hii pembe ya juu inakaa karibu na nyaya. Sitaki izikate."

"Pembe haiachwi wazi, kijana wangu. Naikunja mara mbili, halafu naigonga ilale."

Akaikunja juu ya reli ya chuma, nyundo ya mbao, mapigo mafupi mafupi akisogeza bati kidogo kila pigo, mpaka ukingo ukawa mviringo unaoweza kuupitishia kidole. Kipande kile ni kizuri kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei ya dola. Juu ya ukingo nimevisha mpira wa mlango wa gari wa mitumba, ndio unaobana chini ya boneti na kuziba hewa ya injini isiingie upande wa boksi. Kinga imeshikwa kwa boliti za kiwandani zilezile za boksi na mabano mawili yenye mpira, hakuna tundu jipya lililotobolewa kwenye bodi ya gari.

Jambo lililonichukua mawazo zaidi ni maji. Mdomo wa paipu uko chini, na Nairobi ikinyesha barabara zinakuwa mito. Injini ikimeza maji, pistoni inakutana na kitu kisichobanika, na konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Kwa hiyo paipu haikufungwa moja kwa moja kwenye boksi. Inaishia kwenye faneli ya alumini, na kati ya faneli na mdomo wa boksi nimeacha nafasi ya upana wa vidole viwili, ndani ya eneo lililokingwa. Mdomo wa chini ukizama, injini itavuta hewa kupitia nafasi hiyo badala ya kuyanyonya maji juu. Sehemu ya chini kabisa ya paipu ina tundu la milimita 8 la kutolea maji. Nafasi ile inanigharimu baridi kidogo. Nimeikubali bei hiyo.

Vyote, pamoja na boksi la pili, mpira, klipu na malipo ya fundi, havijafika shilingi elfu tisa.

Februari: vipimo vya kwanza vya kazi yangu

Barabara ileile, alfajiri ileile ya Jumapili. Kwenye jamu hewa inazidi ya nje kwa digrii 11, kutoka 19. Kwa mwendo wa kilomita 90 inazidi kwa digrii 3, kutoka 5. Maji kwenye mrija ni sentimita 31. Masahihisho ya mafuta yako kati ya asilimia 1 na 2, yaani kompyuta haijui kama kuna aliyegusa kitu, na hilo ndilo nililolitaka kuliko yote.

Muda: sekunde 6.2. Kwa kanuni niliyojiwekea, hiyo ni sawa na 6.3.

Hapa narudi kwenye suala la turbo. Ili kupata busti (shinikizo linaloongezwa na turbo) ya baa 0.8 hapa Nairobi, turbo inachukua hewa ya kilopaskali 83 na kuifikisha 163, karibu mara mbili. Pwani ingetoka 101 kwenda 181, yaani mara 1.8. Hewa ikibanwa inapata joto, na ikibanwa mara mbili kwenye turbo ya kawaida, hewa iliyoingia na digrii 25 inatoka ikikaribia 115. Kisha intakula, kipozeo cha hewa kilicho baada ya turbo, inaondoa sehemu kubwa ya joto hilo. Kila digrii 10 nilizopunguza kabla ya turbo zinakuwa digrii 13 hivi baada yake, na intakula ikiondoa asilimia 70, zinazobaki kwa faida ya injini ni kama 4. Mimi kwenye mwendo nimepunguza digrii 2. Kinachobaki hakitoshi hata kuonekana kwenye saa. Anayekuuzia inteki ya turbo kwa ahadi ya farasi 20 kwenye gari ambalo halijarekebishwa kingine, muulize kwanza amepima joto wapi.

Baada ya jamu hali ni nyingine. Tumekaa kwenye msongamano wa jioni mpaka kila kitu chini ya boneti kikapata moto, kisha tukafanya mkupuo mara tu barabara ilipofunguka. Jaribio hili nilikuwa nimelifanya pia gari likiwa la kiwandani: 6.8. Sasa ni 6.5, na tofauti hiyo imejirudia. Hesabu ya uzito wa hewa peke yake haitoshi kuieleza. Ukifungua kumbukumbu unaona sehemu ya jibu: hewa ikiingia na digrii 44 kompyuta ilikuwa inarudisha taimingi nyuma kwa tahadhari, na ikiingia na digrii 36 hairudishi. Taimingi imekaa mbele kwa karibu digrii 2 kwenye mizunguko ileile.

Lakini jambo hilohilo lina hatari yake, na naliandika kwa wanaotaka kunakili kazi hii. Sensa ya joto la hewa kwenye gari hili iko pamoja na MAF, kabla ya turbo. Intakula imelala juu ya injini, na kwenye jamu inachemka kama kawaida, kazi yangu haijaigusa. Kwa hiyo sasa kompyuta inaambiwa hewa ni baridi wakati ile inayofika kwenye silinda bado ni moto. Ile tahadhari niliyoiondoa ilikuwa na sababu. Nimepitia kila mstari wa kumbukumbu za mikupuo ya baada ya jamu nikitafuta dalili ya injini kugonga na sijaiona. Nitaendelea kuitafuta.

Machi: Magadi

Njia ya kwenda Magadi ni maabara bora kuliko nyingine ninayoijua. Unatoka Kiserian kwenye ubaridi, unavuka Kona Baridi, na gari linaanza kuteremka kwenye Bonde la Ufa mpaka karibu mita 600 juu ya bahari. Joto la nje lilifika digrii 37. Kwa mwendo wa kilomita 90 hewa iliyoingia ilikuwa 41, yaani tofauti imepanda kidogo lakini imeshikilia. Masahihisho ya mafuta hayakusogea, hakuna kugonga.

Gari lilikuwa jepesi kule kuliko Nairobi, pamoja na joto lote lile, na si hisia tu. Shinikizo la hewa Magadi ni kama kilopaskali 94. Ukipiga hesabu ya shinikizo na joto pamoja, hewa ya Magadi ya digrii 37 ni nzito kuliko ya Nairobi ya digrii 25 kwa karibu asilimia 9. Turbo iliamka mapema, kwenye mizunguko ambayo Nairobi bado huwa inajikusanya. Kuteremka bondeni kumenipa hewa nyingi kuliko bati na paipu vyote.

Niliporudi nilifungua boksi. Uso wa filta ulikuwa na vumbi jeupe la kule, limejaa zaidi upande unaotazama faneli. Nilipangusa ndani ya mdomo wa MAF kwa kitambaa cheupe kilicholowa na kikatoka safi. Filta ya karatasi inafanya kazi yake, lakini kwa mdomo ulio chini namna hii itabidi niibadilishe mapema kuliko ratiba ya kawaida.

Mwisho wa Machi: mvua

Mvua kubwa ya kwanza nimeipitia polepole, nikikwepa madimbwi yasiyoonekana chini. Faneli ilikuwa na matone, boksi kavu, tundu la kutolea maji limetoa maji na matope laini. Nimelipanua mpaka milimita 10 na kubandika wavu wa waya kwenye mdomo wa bampa, kwa sababu niliokota majani ndani ya paipu. Wavu umeongeza sentimita 1 kwenye mrija. Unabaki.

Kinachofuata

Inteki nimeifunga kwa kudumu kwa jinsi ilivyo. Kinachoizuia gari hili sasa ni intakula na joto linalopanda kutoka kwenye turbo iliyo karibu nayo. Nimenunua kipima joto cha aina ya K ambacho ncha yake nitaiingiza baada ya intakula, ili nijue hewa inafika kwenye manifoldi (paipu zinazoigawia silinda) ikiwa na digrii ngapi kwenye jamu badala ya kupiga hesabu. Kwanza nitapima bila kubadilisha chochote. Kisha nitaivalisha turbo kinga ya joto na kupima tena, jamu ileile, jioni.